Jembe bila Kapu

Wahenga wetu walisema kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa aghalabu kwa mzaha, kana kwamba ni hila ya mwenyeji mchoyo ya kumwondoa mgeni sebuleni. Mimi naiona kuwa ni sheria kamili ya ukaaji. Yasema kwamba mtu akikaa siku nyingi huacha kuwa mgeni wa kulishwa, akawa mtu wa kazi. Na aliyepewa jembe hupewa pamoja nalo shamba la kulimia na haki ya kuvuna alichopanda. Sijapata kusikia habari ya mwenyeji, hata angekuwa bahili namna gani, aliyempa mgeni jembe asubuhi kisha akamnyang'anya kapu jioni.

Ulimwengu wa sasa umelishika fungu la kwanza la sheria hiyo na kulitupa la pili. Nchi tajiri humwalika mtu wa Mombasa, Tanga au Bujumbura aende akasome, akafundishe au akauguze wagonjwa. Humpa viza ya kukaa muda mrefu na mkataba wenye mhuri. Kisha, afikapo, huambiwa kuwa mshahara wake hauwezi kulipwa ila katika akaunti ya benki. Na benki nayo humwambia kuwa haiwezi kumfungulia akaunti kwa sababu yeye ni mgeni. Nia yangu katika insha hii ni kusema, bila ya kuuma maneno, kwamba jambo hili ni dhuluma; kwamba halina udhuru katika sheria wala katika busara; na kwamba sisi tulio vyuoni tuna fungu letu katika lawama.

Nachukua Ujerumani kuwa kielelezo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa naijua, maana nilifundisha Kiswahili huko kwa miaka miwili. Ya pili ni kuwa nchi hiyo haikuanza jana kuwaita walimu wa lugha yetu. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa masomo yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kila msomaji wa Desturi za Wasuaheli iliyochapwa mwaka 1903 anamjua, alifundisha hapo tangu mwaka 1900 hata 1905, akaiacha kazi kwa kuvunjiwa heshima na wanafunzi wake. Alifariki Berlin mwaka 1927. Basi mwenyeji aliyezoea kuita walimu kwa zaidi ya miaka mia moja hana haki ya kusema kuwa ujio wao umemgutusha.

Nieleze yaliyonipata, si kwa kuwa ni makubwa kuliko ya wengine, bali kwa kuwa ni ya kawaida. Niliwasili mwanzoni mwa Oktoba na viza halali katika pasipoti, mkataba wa chuo mkononi, na fedha za kutumia mwezi mmoja. Ofisi ya malipo ya chuo ikanitaka nilete namba ya akaunti. Nikaenda benki ya kwanza; karani, mtu mpole kabisa, akanitaka cheti cha kuandikishwa makazi. Nikaenda ofisi ya manispaa. Nikaambiwa cheti hakitolewi bila ya barua ya mwenye nyumba kuthibitisha kuwa nimehamia kwake, na kweli ndivyo sheria yao ya uandikishaji ilivyo tangu Novemba 2015. Nikaenda kwa mwenye nyumba. Akasema kuwa hatanikabidhi ufunguo mpaka dhamana ya kodi ya miezi mitatu ipite katika benki, maana fedha taslimu hapokei. Hivyo benki ilingoja manispaa, manispaa ikamngoja mwenye nyumba, na mwenye nyumba akaingoja benki. Nilikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba ambayo kila mlango wake hufunguliwa kwa ufunguo uliomo katika chumba cha pili.

Benki ya pili ilikuwa na sharti jingine. Ilisema kuwa viza haitoshi. Inataka kadi ya kibali cha ukaaji. Kadi hutolewa na ofisi ya wageni, na miadi ya karibu kabisa niliyopewa ilikuwa baada ya wiki kumi. Benki ya tatu haikuwa na karani wala kiti. Ilikuwa katika simu, na mtu hutambulishwa kwa kuonyesha uso na pasipoti yake mbele ya kamera. Nilionyesha uso, ukakubaliwa. Nilionyesha pasipoti, nikaambiwa kuwa pasipoti za nchi yangu hazimo katika orodha yao. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa makarani wapole wana faida moja juu ya mitambo: karani hukukatalia akiona haya.

Kwa wiki saba niliishi kwa mkopo wa mwenzangu wa idara. Karo ya mwanangu huko nyumbani ilichelewa, na mkuu wa shule yake alimwandikia mke wangu barua ambayo sipendi kuikumbuka. Mshahara wangu ulikuwapo. Ulikuwa umeandikwa katika vitabu vya chuo senti kwa senti. Lakini mali isiyoweza kumfikia mwenyewe ni sawa na maji ya kisima kirefu kwa mtu asiye na kamba.

Kuna kiroja kilichozidi changu. Mwanafunzi mmoja kutoka Burundi alinijia mwezi wa Novemba. Sheria ya viza ya wanafunzi humtaka kila mwombaji aonyeshe uwezo wa kujikimu, na njia inayotumika sana ni kuweka fedha katika akaunti iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904 kwa mwaka, ambazo hufunguliwa euro 992 kila mwezi. Ukoo wake mzima ulichanga, na shamba moja liliuzwa. Lakini fedha hizo, zifunguliwapo, hazitolewi mkononi. Hutumwa katika akaunti ya kawaida ya mwenyewe, na akaunti hiyo ndiyo aliyokuwa amenyimwa. Basi kijana huyu alikuwa na fedha nyingi kuliko zote zilizopata kuandikwa kwa jina la mtu wa ukoo wake, naye alikuwa akila mlo mmoja kwa siku. Nchi ilimwamini kuwa ana fedha za kutosha kuingia; haikumwamini kuzishika.

Sasa nizitazame hoja za wanaoutetea utaratibu huu, maana wapo, na baadhi yao ni wenzetu wenyewe waliokwisha kuvuka.

Hoja ya kwanza husema kuwa mgeni hana budi kufuata sheria za mwenyeji. Naikubali hoja hii moyo mkunjufu, kisha nauliza: sheria ipi? Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2014 kuhusu akaunti za malipo, na Ujerumani ikalitungia sheria ambayo haki yake kubwa ilianza kutumika tarehe 18 Juni 2016. Sheria hiyo humpa kila mtu anayekaa kwa halali katika Umoja wa Ulaya haki ya kufunguliwa akaunti ya msingi. Haki hiyo imetajwa wazi kuwa ni pia ya mtu asiye na makazi maalumu, na ya mtu aliyeomba hifadhi ambaye ombi lake halijaamuliwa. Benki inayohudumia umma kwa akaunti za namna hiyo hutakiwa kutoa jibu katika muda wa siku kumi za kazi. Ikikataa, hukataa kwa maandishi. Na sababu za kukataa zimehesabiwa katika sheria, hazikuachiwa hisia za karani. Aliyekataliwa aweza kupeleka shauri lake kwa mamlaka ya kusimamia mabenki, iitwayo BaFin, bila ya kumlipa wakili.

Msomaji apime mwenyewe. Ikiwa sheria humfungulia mlango mtu anayelala barabarani, na mtu ambaye serikali haijaamua kama atabaki au ataondoka, kwa mantiki gani utafungwa mbele ya mtu ambaye serikali hiyo hiyo imekwisha kumchunguza, ikampa viza na ikamruhusu kufanya kazi? Basi si mgeni aliyeivunja sheria ya mwenyeji. Mgeni anaomba sheria ya mwenyeji ifuatwe, na mwenyeji ndiye asiyeijua au anayejifanya haijui. Mimi nilifunguliwa akaunti siku ya tisa baada ya mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi kunionyesha fomu ya akaunti ya msingi. Benki niliyoipelekea fomu ilikuwa ile ile ya kwanza. Pasipoti ilikuwa ile ile, na viza ile ile. Kilichobadilika ni kwamba nilikwenda na karatasi inayowajibu mtu kujibu kwa maandishi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo huhusu fedha haramu. Husemwa kuwa mabenki yanalazimishwa kumjua kila mteja, na kuwa nchi zetu zimepata sifa mbaya. Ni kweli kwamba Kikosi Kazi cha kimataifa dhidi ya fedha haramu, kilichoundwa mwaka 1989, kiliiweka Tanzania katika orodha yake ya nchi za kuangaliwa Oktoba 2022 na kuiondoa Juni 2025. Na Kenya iliingizwa katika orodha hiyo Februari 2024. Lakini kikosi hicho hicho husema katika matangazo yake kwamba viwango vyake havikukusudia kuyatenga makundi mazima ya wateja. Hutaka kila hatari ipimwe kwa kadiri yake. Umoja wa Ulaya una orodha yake inayodai uangalifu zaidi. Lakini uangalifu ni kutazama kwa makini, na hapana anayeweza kutazama kwa macho yaliyofumbwa. Karani anayekataa kuipokea pasipoti yangu hajaniangalia. Amejiepusha na kazi ya kuniangalia.

Tena tutazame fedha haramu zilipita wapi. Tawi la Estonia la benki ya Denmark iitwayo Danske Bank lilipitisha kiasi cha euro bilioni 200 kati ya mwaka 2007 na 2015, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitiliwa shaka. Desemba 2022 benki hiyo ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kutoa zaidi ya dola bilioni 2. Wateja wa mkondo ule walikuwa ni watu na makampuni yasiyokaa Estonia, mengi yao makampuni ya karatasi yasiyo na duka wala karakana. Hao walifunguliwa akaunti bila ya kukaa katika nchi. Na muuguzi wa Kisumu anayekaa katika nchi, anayekatwa kodi na bima katika nchi, na ambaye alama za vidole vyake zimo katika kabati la serikali, huambiwa kuwa hajulikani! Nyavu gani hizi zinazomnasa dagaa na kumpisha papa? Mwenye viza ya muda mrefu ndiye mtu aliyechunguzwa kuliko raia yeyote wa mtaa anaohamia. Kama kujulikana ndiko kunakotakiwa, hana mshindani.

Hoja ya tatu husema kuwa benki ni duka, na mwenye duka huchagua wa kumuuzia. Lau benki ingekuwa inauza kanga au samaki, ningenyamaza. Maana aliyenyimwa kanga hapa huivuka njia akainunua pale. Lakini fedha taslimu zimekwisha kuondolewa katika mambo makubwa ya maisha. Mshahara, kodi ya nyumba, bima ya afya ambayo sheria ya Ujerumani humlazimisha kila mkaazi kuwa nayo, vyote vinangoja namba ya akaunti. Mwenye mashua katika bandari yenye mashua mia aweza kumkataa abiria. Mwenye kivuko kimoja katika mto usio na daraja hawezi, maana amekwisha kuwa mlango wa umma, apende asipende. Mahakama ya juu ya shirikisho ya Ujerumani iliifahamu maana hii iliposema mwaka 2020 kuwa ada ya euro 8.99 kwa mwezi ilikuwa kubwa mno kwa akaunti ya msingi: ikiwa bei ya kivuko haikuachiwa mwenye kivuko peke yake, sembuse ruhusa ya kupanda?

Hapa naona msomaji wa nyumbani akifurahi, kwamba Wazungu wamepatikana na kosa. Asifurahi upesi. Nyani haoni kundule. Nimewaona kwa macho yangu, katika vyuo vyetu vya Afrika ya Mashariki, wanafunzi kutoka Kongo na Burundi wakisimama dirishani pa benki kwa siku tatu mfululizo, wakitumwa idara ya uhamiaji, kisha chuoni, kisha dirishani tena. Walizungumza Kiswahili na karani, wakajibiwa kwa Kiswahili kuwa wao ni wageni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya yetu ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake mmeahidiwa uhuru wa kwenda, kufanya kazi na kukaa. Uhuru wa kwenda mahali usikoweza kupokea mshahara ni uhuru wa mbuzi aliyefungwa kamba ndefu. Hatuwezi kuitaka Ulaya itutendee kwa ukarimu ambao sisi wenyewe tunamnyima mtu wa Bukavu.

Lawama nyingine ni ya vyuo. Chuo kinachomwalika mwalimu humtumia tiketi, humwandikia ratiba ya masomo, humwuliza hata chakula asichokula. Lakini hakimwambii kuwa atakaa wiki saba bila ya kupata senti ya jasho lake. Yamkini walioandika barua ya mwaliko hawajapata kuwa wageni popote. Na vyuo vyetu vinavyopeleka vijana ng'ambo huwafanyia sherehe ya kuwaaga, hotuba juu ya hotuba kuhusu bidii na nidhamu, wala hakuna mmoja anayesimama kuwafundisha jambo hili la fomu moja.

Basi haya ndiyo ninayoyadai. Kwanza, viza halali ya kukaa muda mrefu, pamoja na mkataba wa kazi au cheti cha chuo, itoshe kufungulia akaunti, bila ya kungoja kadi wala nyumba. Anwani ya chuo itoshe kupokea barua mpaka nyumba ipatikane. Pili, kila kukataa kuwe kwa maandishi na kwa sababu, maana dhuluma isiyoandikwa haina pa kushitakiwa. Tatu, chuo kinachoalika kisitoe mwaliko kabla ya kupatana na benki moja itakayowapokea walioalikwa. Nne, serikali zetu, zinapotia sahihi mapatano ya kupeleka wauguzi na mafundi ng'ambo, zitie na sharti la akaunti, kama zinavyotia sharti la mshahara. Tano, mambo haya manne tuanze kuyatenda sisi wenyewe kwa wageni wa nyumbani kwetu, ili madai yetu yawe na uso.

Na kwa wanafunzi mtakaosafiri nina neno moja. Msiende dirishani kuomba. Nendeni kudai kwa adabu. Ulizeni akaunti ya msingi kwa jina lake katika lugha ya nchi, jazeni fomu, tieni tarehe, bakini na nakala. Mkikataliwa, semeni asante, na ombeni barua. Na mkiwa na akaunti katika nchi nyingine inayotumia euro, jueni kuwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012 inakataza mlipaji kuikataa akaunti hiyo kwa sababu tu imefunguliwa nchi nyingine ya umoja huo. Mwenye kujua haya husumbuka siku kumi. Asiyejua husumbuka miezi miwili, na katika miezi miwili mtu aweza kupoteza nyumba, masomo, na imani yake kwamba aliitwa kwa wema.

Yule kijana wa Burundi alipata akaunti yake mwezi wa Desemba. Alikuja ofisini kwangu kunionyesha karatasi ya benki, naye ameikunja kwa uangalifu mara nne kama hirizi. Nilimpongeza, lakini moyoni nilikasirika. Karatasi ile haikuwa zawadi, wala tuzo ya subira, wala ushindi. Lilikuwa kapu tu, kapu ambalo kila mtu aliyepewa jembe alistahili kukabidhiwa siku ile ile ya tatu. Na kijana mwerevu, aliyefika kusoma hesabu za majimaji na pepo, alikuwa ametumia muhula wake wa kwanza mzima kulitafuta.